Kisanduku cha Vichupa Themanini na Kimoja

4 Machi

Mvua imeanza asubuhi bila kubisha hodi. Daftari hili ni la maabara. Kurasa zake zimepigwa namba ili mtu asichane ukurasa na kuficha alichokosea. Nilifundisha kazi za maabara miaka thelathini na moja, nikastaafu, kisha taasisi ikaniita tena nilinde mafriza yake. Wananiita Mzee Barafu. Sijawahi kukataa jina nililolifanyia kazi.

Kwa atakayesoma baadaye, nieleze tunachofanya. Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi vijidudu wengi kuliko watu wote duniani. Wengi wao si maadui: wanatusagia chakula na kuufundisha mwili kumjua adui. Wana koo zao, kama sisi, na watu wanaokula na kulala pamoja huishia kubeba koo zinazofanana. Tunataka kujua ni kwa nini ugonjwa wa tumbo unaopiga nyumba hii unairuka ile. Kwa hiyo tumechukua sampuli za choo za watu themanini na mmoja wa mtaa ulio nyuma ya taasisi, nyumba baada ya nyumba, kila mtu na kadi yake ya namba. Mimi, mgane wa nyumba ya katikati, ni namba 41. Mkwe wangu mchomeleaji ni 27, binti yangu ni 28, na kinyozi wanayepakana naye ukuta ni 29.

6 Machi

Mvua.

9 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Binti yangu kaniletea chupa nyingine ya rangi nyekundu ya kucha, ninayotumia kuwekea alama kwenye pembe za visanduku. Kanitania kwamba mafriza yangu yanapendeza kuliko yeye. Mumewe alikuwa naye, mikono imejaa alama za cheche, akacheka pia. Kijana mwenye bidii. Nampenda.

13 Machi

Siku ya maafa. Maji yaliingia chumba cha jenereta, umeme ukafa, ikabidi tubebe kila kitu kwenda jengo la pili huku ngazi zikitiririka kama mfereji. Mtu akateleza, chupa ya spiriti ikapasukia ndani ya kisanduku cha mtaa wetu. Nilifungua kifuniko, nikaimwaga spiriti, nikakipangusa, nikakirudisha. Tulipofika, wino wote wa namba kwenye vichupa ulikuwa umeyeyuka. Vichupa themanini na kimoja, safu tisa kwa tisa, vyeupe kama meno, havina jina.

Daktari, yule binti mtafiti atakayezichambua sampuli kwa mashine yake, alisema, "Tukitupe, Mzee. Tukakusanye upya."

Nilikataa. Kisanduku kina mpangilio: kichupa cha kwanza hukaa pembe yenye alama nyekundu, vingine hufuata. Mwenye subira hahitaji wino. Alama ya kisanduku chenyewe ilikuwa imeliwa na spiriti, lakini ya kifuniko ilikuwa nzima. Nikaitumia hiyo, nikaandika namba upya moja baada ya moja, vidole vikiwaka kwa baridi. Nimeokoa kazi ya miezi minne. Wamenipigia makofi.

20 Machi

Mvua. Mgongo.

2 Aprili

Vinasaba vya vijidudu vimesomwa, sasa ni zamu ya mashine ya Daktari. Friza langu liko nyuzi themanini chini ya sifuri. Mashine yake ya kwanta, kompyuta inayokaa kwenye baridi inayokaribia mwisho wa baridi yote, ikilitazama friza langu, inaona jiko.

Nimemwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto, naye kwa heshima akafanya hivyo. Watu themanini na mmoja wanaweza kugawanywa katika makundi kwa njia nyingi mno, na kompyuta ya kawaida ikizipitia moja moja, tutazeeka tena. Mashine hii hutumia chembe ambazo, mradi hazijapimwa, hazilazimiki kuwa upande huu au ule. Magazeti husema inajaribu majibu yote kwa mkupuo, usemi anaouchukia. Anasema ni kama mawimbi kwenye beseni: yakikutana, mengine hukuzana na mengine huuana. Ufundi wote ni kuyapanga ili majibu mabaya yauane. Kwa kuwa mashine bado ina makosa, swali huulizwa mara maelfu, kisha jibu hupitishwa kwenye kompyuta ya kawaida.

Nikamwuliza kama inaweza kusingizia mtu. Akasema, "Mzee, inajua unachoipa tu."

14 Aprili

Majibu yametoka kama ramani: kila mtu ni namba, na mstari kati ya wawili huwa mnene kadiri vijidudu vyao wanavyofanana. Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo nikataka ushahidi. Tuna sampuli yangu ya mwaka jana kwenye friza lingine. Daktari akauliza: je, namba 41 ni mtu yuleyule? Mashine ikajibu ndiye, bila shaka yoyote. Nikaridhika. Kama inanijua mimi, inawajua wote.

Ramani ina jambo la ajabu. Majirani wanaunganishwa na majirani, kama tulivyotarajia, lakini mara nyingi mstari unaruka ukuta: mke wa nyumba hii na mtu wa nyumba ya pili. Daktari amefurahi sana, anadhani tumegundua jinsi vijidudu wanavyovuka kuta. Mimi nilitafuta 28. Mstari mnene unakwenda 29. Mkwe wangu, 27, yuko peke yake kama kisiwa.

Nimekunja karatasi, nikaitia mfukoni.

16 Aprili

Mkutano wa kuwashukuru watu wa mtaa. Daktari alibandika ramani ukutani: namba tupu, hakuna majina, kama sheria ya utafiti inavyotaka. Mtu akauliza mstari mnene maana yake nini. Akajibu kwa unyofu kwamba mara nyingi ni watu wanaokula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Akaongeza kwamba si lazima, hata maji ya pipa moja yanaweza kufanya hivyo, lakini maneno hayo ya pili yalianguka sakafuni.

Sisi wasomi tulidhani namba ni pazia. Tulisahau kwamba kadi ya mume na kadi ya mke hukaa droo moja, na mtaa mzima unajua namba za mtaa mzima. Niliona watu wakitoa kadi mifukoni. Niliona mkwe wangu akifuata mstari kwa kidole, kidole kikasimama. Kinyozi alikuwa hatua tatu nyuma yake, anakula karanga.

17 Aprili

Dereva wa namba 8 amemvunja taya mdogo wake. Mwanamke wa namba 62 amemwagiwa maji ya moto kifuani na jirani yake. Mvua haikuzima chochote.

18 Aprili

Binti yangu alikuja saa tatu asubuhi na begi. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, mdomo umepasuka, na shingoni nilihesabu alama nne za vidole na ya tano ya kidole gumba. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nilisimama mlangoni. Begi sikulipokea.

"Baba, nipokee," alisema.

Nikamweleza. Mungu anisamehe, nilimweleza kwa utaratibu, kama darasani: koo za vijidudu, mawimbi, swali lililoulizwa mara maelfu, namba 41 iliyothibitishwa. Nikamwambia mashine haina shangazi wala mjomba, haina sababu ya kumsingizia mtu.

"Na mimi nina sababu gani ya kukudanganya?"

Nikamwambia arudi, aombe radhi, hasira ya mwanamume ni kama mvua, ina mwisho wake. Alinitazama kwa jicho moja. Kisha akaligeuza begi mkono wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa unauma, akaenda.

Nimeandika haya kwa sababu daftari lina namba.

20 Aprili

Kinyozi ameuawa.

Nilikuwa nimesimama barazani kwa fundi viatu, mzee wa namba 53, nikisubiri mvua ipungue. Mkwe wangu alikuja na ndugu zake wawili. Alishika nondo, ile anayopimia mageti. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Mkwe wangu akamwita nje kwa sauti ya kawaida, kama anayetaka kuazima nyundo.

Kinyozi alikuwa na wembe mkononi. Aliuweka mezani kabla ya kutoka. Nataka lieleweke: alikuwa na wembe, akauweka, ili asimdhuru mtu.

Pigo la kwanza lilikuwa la goti. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu, ndogo kuliko mtu anavyofikiri. Akaanguka kwenye maji ya mtaro, akawa anasema, "Kaka, kuna nini? Kaka, niambie kwanza." Ndugu wawili walimkanyaga mikono. La pili lilimpata ubavuni. Nilipiga kelele, nikakimbia, yaani mwendo wangu unaoitwa kukimbia, na mmoja wao akanisukuma kwa kiganja tu nikakaa kitako matopeni. La tatu na la nne yalikuwa ya kichwa. Baada ya hapo hakusema tena, lakini nondo iliendelea. Maji ya mtaro yalikwenda mekundu hadi kwenye karavati. Mteja alitoka na shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, akatembea kwenye mvua bila kugeuka nyuma.

Kisha mkwe wangu akaingia nyumbani kwake na nondo ileile.

Watu wanne walivunja mlango. Mkono wa kulia wa binti yangu umevunjika mara mbili, alikuwa ameuweka juu ya kichwa. Kichwa kimeshonwa nyuzi kumi na tisa. Yu hai. Mkwe alikuwa amekaa kitandani, nondo mapajani, akisubiri polisi. Aliponiona akasema, "Mzee, si umeiona ramani?"

Nilikuwa nimeiona.

21 Aprili

Hospitali. Amelala. Wamemnyoa kichwa.

22 Aprili

Hospitali. Mvua.

23 Aprili

Watu wa mtaa wamekuja taasisini na mawe. Baadhi wanatulaumu kwa kusema uongo, wengine kwa kusema kweli, lakini mawe ni yaleyale. Vioo vyote vya ghorofa ya chini vimekwenda. Daktari alitoka kuongea nao, jiwe likampasua nyusi. Nilimvuta ndani, damu imejaa kwenye koti lake jeupe, naye alikuwa akirudia kwamba ni namba tu, hazina majina. Nilikasirika naye wiki nzima, nikimwona mtoto aliyepewa kiberiti. Leo nimemshika kichwa nikimfunga kitambaa, na hasira imehama. Sijajua ilikohamia.

29 Aprili

Najua sasa.

Nilipita kwa fundi viatu kushukuru, kwa kuwa ni yeye aliyeninyanyua matopeni siku ile. Ameoa miaka arobaini na mitatu, mkewe ni namba 54, na mtaani kote hakuna wawili wanaokaa karibu kama wao. Nilimkuta anamtania mkewe. Kumbe ramani inamwonyesha fundi peke yake, na mkewe ana mstari mnene na namba 55, mlinzi wa ghala, bwana asiye na meno wala salamu.

"Miaka yote hii nilidhani anakwenda kuchota maji," fundi alisema. "Kumbe anakwenda kumtafunia mlinzi nyama."

Mkewe akampiga kwa kandambili na wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa. Ramani ileile. Kwa hawa ilizaa kicheko.

Mimi sikucheka. 53 peke yake, 54 na 55 pamoja. Kwetu, 27 peke yake, 28 na 29 pamoja. Ishirini na saba na hamsini na tano ni themanini na mbili. Ishirini na nane na hamsini na nne ni themanini na mbili. Ishirini na tisa na hamsini na tatu, themanini na mbili.

Nilikwenda hadi friza. Nieleze, maana hii ndiyo kazi niliyobakiza duniani. Chukua kisanduku cha safu tisa kwa tisa. Kizungushe nusu mzunguko, mbele iwe nyuma. Cha kwanza kinakuwa cha mwisho, cha pili kinakuwa cha themanini, na kila kichupa kinabadilishana na mwenzake ambaye jumla yao ni themanini na mbili. Siku ile ya spiriti nilikirudisha kifuniko kikiwa kimegeuka. Nikafuata alama ya kifuniko, nikawapa watu themanini matumbo ya watu wengine. Miaka thelathini na moja nimewaambia wanafunzi: usiamini kifuniko, kifuniko hakina kwao.

Na kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu namba zilifuata nyumba, na kisanduku kikigeuka majirani hubaki majirani. Kosa la kawaida lingepiga kelele. Hili lilinong'ona. Mstari wa 28 na 29 ni wa fundi viatu na mkewe. Miaka arobaini na mitatu ya sahani moja, nimeibandika juu ya binti yangu na kinyozi.

Na ushahidi wangu? Kisanduku kikizunguka, kichupa kimoja tu hakihami: cha katikati. Namba 41. Katika mtaa mzima, mtu pekee ambaye mashine ilimsema kweli ni mimi.

30 Aprili

Nimemwambia Daktari. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tumerudia hesabu. 27 na 28, mstari mnene kuliko yote mtaani. 29 peke yake.

4 Mei

Niliomba kusema mwenyewe mbele ya mtaa. Nilibeba kisanduku kitupu, nikakigeuza mbele yao mara tatu mpaka kila mmoja akaelewa. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikasubiri ipungue, nikarudia.

Mama yake kinyozi alikuwa mstari wa mbele. Alinyanyuka taratibu, akavua kiatu. Alinipiga nacho usoni, akanipiga tena, na tena, bila neno. Pua ilivunjika kwenye la tatu au la nne. Fundi viatu alitaka kumzuia, nikamwashiria akae. Mama alipochoka alivaa kiatu chake akaketi. Nikamalizia maelezo huku damu ikinidondokea kifuani, kwa sababu yalikuwa hayajaisha.

9 Mei

Nimekwenda mahabusu kumwona mkwe wangu. Nilimweleza kupitia nondo za mlango kama nilivyowaeleza wengine.

"Kwa hiyo alikuwa hana kosa," akasema. Akaanza kugonga paji la uso kwenye chuma, kwa mpigo mmoja, kama afanyavyo kazi yake, mpaka ngozi ikachanika na askari wakaingia kumshika. Alikuwa anarudia, hana kosa, hana kosa.

Njiani nilikuwa na kitu kimenikwama kama mwiba wa samaki, nisijue ni nini.

12 Mei

Binti yangu yuko nyumbani kwangu, mkono kwenye plasta, kichwa kina vipara vya mishono. Nimemweleza yote: kifuniko, themanini na mbili, namba 41. Nikamwambia ni dhahiri sasa kwamba hakuwa na kosa, na kwamba mtaa wote umesikia kutoka kinywani mwangu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku ile mlangoni.

"Na kama ramani ingekuwa sahihi, Baba?"

13 Mei

Sijamjibu.

14 Mei

Sijamjibu. Mvua imekuwa manyunyu.

15 Mei

Nimejaza chai mara tatu. Sijamjibu.

21 Mei

Mvua imekatika. Jua kali, mtaro umekauka, umebaki na ufa.

Nimetoa maelezo yangu kwa mpelelezi. Ni mtu makini, aliandika polepole. Nilipomaliza habari ya kisanduku akaniuliza kama aandike kwamba chanzo cha kifo na majeraha ni kosa la maabara. Nikamwambia aandike kosa langu, lote, ila lisikae mahali pa chanzo. Kifuniko hakikushika nondo. Kisha nikamwambia kuna maelezo mengine ambayo hakuniuliza: tarehe kumi na nane Aprili, saa tatu asubuhi, mtu alikuja mlangoni kwangu na alama za vidole shingoni, nikamrudisha kwa aliyeziweka. Akasema hilo si kosa la jinai. Nikamwomba aliandike hata hivyo. Akaandika.

Niliporudi nilimkuta binti yangu ameketi kitandani, begi limefungwa. Anakwenda kukaa kwa shangazi yake. Nikamwambia nina jibu. Akaningoja.

"Ningekurudisha," nilisema. "Ramani ingekuwa sahihi, ningekurudisha, na leo ningekuwa nimekaa hapa nikiamini nilifanya vema. Kisanduku nilikigeuza bila kujua. Wewe nilikugeuza mlangoni macho yangu yakiona."

Hakulia, na mimi sikulia. Akasema, "Afadhali umesema." Halafu akanyanyuka na kunyoosha mkono mzima kulichukua begi.

Nikalipokea. Nililibeba mpaka barabarani, nikalipakia garini, nikasimama mpaka gari likakata kona. Lilikuwa jepesi sana. Hata siku ile lingekuwa jepesi hivyohivyo.